Vitabu vya chuo vipo bure na kwa halali, mbona wanafunzi wetu hawaambiwi?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu leo kitabu chake kiko wapi, atakuonyesha simu. Ndani ya simu hiyo mna mafaili aliyotumiwa na wenzake kwenye kundi la WhatsApp la darasa: sura tatu za kitabu zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, maelezo ya mhadhiri ya miaka sita iliyopita, na karatasi za mitihani ya zamani. Mengine hayasomeki. Mengine hajui yameandikwa na nani. Na mengi, tuseme ukweli, yamenakiliwa bila ya idhini ya wenyewe.

Hali hii iko Mombasa, iko Kilifi, iko Lamu. Mimi nimeitazama kwa karibu zaidi Isiolo, mji ambao shughuli zangu hunipeleka mara kwa mara. Isiolo si ugenini kwa mtu wa Pwani. Adhana inasikika huku na huku, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali sokoni, na jina la mji huo hutajwa pamoja na Lamu kila unapozungumziwa mradi wa LAPSSET. Shida ya mwanafunzi wa Isiolo ni ile ile ya mwanafunzi wa Faza au Garsen, ila ya Isiolo imezidishwa na umbali.

Ninachotaka kueleza leo ni kwamba vipo vitabu kamili vya chuo kikuu, vilivyoandikwa na wasomi na kukaguliwa na wasomi wenzao, ambavyo wenyewe wametoa ruhusa visomwe, vinakiliwe, vichapishwe na mara nyingi hata vitafsiriwe bila ya malipo. Wanafunzi wetu wengi hawajui kama vipo, na wale waliopaswa kuwaambia wamenyamaza.

Maana ya "huria"

Kwa Kiswahili vinaitwa nyenzo huria za elimu. Historia yake si ndefu. Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni ili yeyote duniani ayasome bure. Mwaka 2002 UNESCO ikaitisha kikao mjini Paris kuangalia hatua hiyo ina faida gani kwa vyuo vikuu vya nchi zinazoendelea, na hapo ndipo jina hilo lilipozaliwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo shirika la Creative Commons likatoa leseni zake za kwanza. Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi la kuzitaka serikali ziziendeleze nyenzo hizi. Kwa hiyo hili si jambo la Wazungu tulilodandia njiani. Tangu kikao cha kwanza lilizungumzwa kwa ajili ya nchi kama yetu.

Sasa, bure na huria si kitu kimoja. Bure maana yake hulipi kusoma. Huria maana yake mwenyewe ameandika, ndani ya kitabu chenyewe, unaruhusiwa kukifanyia nini. Kitabu kilichoibwa na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp ni cha bure, lakini si huria. Makala unayoisoma kwenye tovuti ya gazeti bila kulipa ni ya bure, lakini huna ruhusa ya kuichapa na kuiuza.

Sisi Waislamu wa Pwani tuna mlango mwepesi wa kulielewa hili, nao ni wakfu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh, una hazina ya vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, na baadhi yake vina maandishi ya wakfu: mwenye kitabu amekitoa kwa ajili ya wanafunzi, kisiuzwe wala kisirithiwe. Picha za miswada hiyo zimewekwa mtandaoni kupitia mpango wa Maktaba ya Taifa ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Wazee wetu hawakungoja Marekani kuwafundisha kwamba elimu inaweza kutolewa kwa umma kwa masharti ya mtoaji.

Leseni huria inafanana na hayo. Si wakfu kamili kwa maana ya fiqhi, kwa sababu mwandishi hubaki na hakimiliki yake. Lakini anatangaza masharti mapema ili usihitaji kumwandikia barua ya kuomba ruhusa. Masharti yenyewe ni manne, na huandikwa kwa herufi mbili mbili kwenye kurasa za mwanzo. BY ni kwamba umtaje mwandishi. NC ni kwamba usifanyie biashara. SA ni kwamba ukikibadilisha na kukitoa upya, toleo lako nalo liwe na leseni ile ile. ND ni kwamba usikibadilishe ukakisambaza. Chenye ND unaweza kukigawa kama kilivyo, lakini huwezi kutoa tafsiri yake. Ndiyo sababu wataalamu wengi hawakihesabu kuwa huria kamili.

Kwa msomaji anayeuliza kama haya yana uzito wowote kidini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait mwaka 1988 na kuamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, haifai kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inamlinda mwandishi, ingawa inaacha nafasi ya kunakili kwa kiasi kwa ajili ya kujisomea. Mzazi anayemlea mwanawe asile cha haramu nadhani atapenda kujua kwamba hata kwenye vitabu njia ya halali ipo, tena haina malipo.

Kwenye duka la fotokopi

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kwenye duka la fotokopi mjini Isiolo nikingoja karatasi zangu. Akaingia binti mmoja anayesomea uuguzi, yuko likizo, ana flashi mkononi. Alitaka kuchapishiwa sura za anatomia. Faili lake lilikuwa picha za kitabu cha mtu: maandishi yamekatika pembeni, na mchoro wa moyo umekuwa weusi mtupu. Bei ilikuwa shilingi 10 kwa ukurasa. Alihesabu alichokuwa nacho, akachagua kurasa 12 katika 60 alizozihitaji.

Nikamwuliza kama anakijua kitabu cha Anatomy and Physiology cha OpenStax. Hakuwahi kukisikia. Alikuwa mwaka wa pili, na hakuna mhadhiri aliyewahi kukitaja darasani.

OpenStax ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Houston, Marekani. Vitabu vyake vya kwanza vilitoka mwaka 2012, cha fizikia na cha sosholojia, na leo vipo vya baiolojia, kemia, takwimu, uchumi, uhasibu na vingine. Hicho cha anatomia kina zaidi ya kurasa 1,000, michoro ya rangi na maswali mwisho wa kila sura. Toleo nililolisoma lina leseni ya BY peke yake. Yaani binti yule anaweza kukipakua na kuwagawia darasa zima, na mwenye duka anaweza kukichapa sura kwa sura na kukiuza mchana kweupe, mradi jina la mwenyewe limetajwa. Si vyote vya OpenStax vilivyo hivyo. Cha kalkulasi, kwa mfano, kina sharti la NC. Leseni isomwe kila mara.

Tulikifungua pale pale kwenye simu yake, sura ya moyo. Mchoro ukaonekana na rangi zake zote, mishipa inasomeka majina. Alichoniuliza kwanza hakikuhusu moyo. Aliuliza, "Mwalimu, hiki nikikitumia sitalipishwa baadaye?" Swali hilo limenikaa kichwani, kwa sababu mtoto aliyezoea kuambiwa kila kitu kina bei haamini akiambiwa hiki ni chako.

Vilivyoandikwa Afrika, na vinavyoihusu Isiolo yenyewe

Asidhani mtu kwamba yote yanatoka Marekani. African Virtual University, chuo cha mtandaoni kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na baadaye kuhamishia makao yake Nairobi, kilitoa moduli 219 za hisabati, fizikia, kemia, baiolojia, kompyuta na ualimu. Ziliandikwa na wahadhiri wa vyuo vya Afrika, zikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mradi wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, una nyenzo za kuwafunza walimu, na zipo hata kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa ualimu anayefanya mazoezi ya kufundisha Kinna au Garba Tulla anaweza kuzibeba kwenye simu akaingia nazo darasani.

Mwanafunzi wa sheria ana tovuti ya Kenya Law, ambako sheria za nchi na hukumu za mahakama husomwa bila malipo. Vyuo vikuu vyetu navyo, kikiwemo cha Nairobi, huweka tasnifu za wanafunzi wao mtandaoni.

Kuna na jambo linalonikera zaidi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina makao yake Nairobi, na sehemu kubwa ya machapisho yake hutolewa kwa leseni huria. Humo mna tafiti kuhusu ukame, ngamia, malisho, na bima ya mifugo ile iliyoanza kuuzwa Marsabit mwaka 2010. Ni habari za kaskazini hasa: za mfugaji aliyekaa chini ya mti akajibu maswali ya watafiti kutwa nzima. Majibu yake yamekuwa kitabu, kitabu kimewekwa wazi kwa dunia nzima, na mwanafunzi wa London anakisoma. Mtoto wa mfugaji huyo huyo, anayesomea kilimo au afya ya mifugo, anasoma maelezo yaliyonakiliwa kutoka kitabu cha zamani kinachozungumzia ng'ombe wa maziwa wa nchi za baridi. Elimu ya kwao imetoka kwao, ikazunguka dunia, na haijarudi.

Kwa nini hazitumiki

Kati ya mwaka 2013 na 2017 ulikuwepo mradi mkubwa wa utafiti ulioitwa ROER4D, ukiendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioangalia nyenzo hizi katika nchi zinazoendelea. Katika sehemu moja ya utafiti huo waliulizwa wahadhiri 295 wa vyuo 28 katika nchi 9, Kenya ikiwa mojawapo. Waliosema wamewahi kuzitumia ni asilimia 51. Kwa Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa asilimia 46. Wengine walijibu kwamba hawana hakika kama wamewahi.

Jibu hilo la kutokuwa na hakika ndilo linalonifumbua macho. Kama mhadhiri mwenyewe hajui alichochukua mtandaoni ni huria au si huria, mwanafunzi wake atajulia wapi? Mwanafunzi husoma alichoambiwa asome. Kitabu kisipokuwa kwenye orodha ya somo, kwake hakipo, hata kikiwa umbali wa kubonyeza mara mbili. Mimi nilipokuwa nasomea diploma, zaidi ya miaka 20 iliyopita, tulipanga zamu ya nakala moja ya kitabu maktabani, na anayeipata usiku alibahatika. Leo nakala hazina idadi, lakini bado nakuta darasa zima limeng'ang'ania kurasa zile zile za mhadhiri. Kilichopungua si kitabu tena, ni mtu wa kukionyesha.

Sababu ya pili ni bando. Watu wa Mombasa tunakumbuka nyaya za baharini zilipofika, TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Intaneti ya nchi nzima ikapita mlangoni kwetu. Vyuo vikuu vina mtandao wao wa KENET, na akiwa chuoni mwanafunzi anaweza kupakua bila kutoa senti. Tatizo linaanza anaporudi nyumbani. Akiwa Merti, safari ndefu kutoka Isiolo mjini, kitabu kizito chenye michoro kinaweza kumaliza bando la wiki, na pengine mtandao wenyewe ukakatika kikiwa nusu. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kila mmoja aliona tofauti ya mtoto aliyerudi Nyali na aliyerudi Sericho.

Sababu ya tatu ni mazingira ya kitabu. Kitabu cha uchumi cha Marekani hutoa mifano ya dola na bima ya afya ya kwao. Mwanafunzi wa Isiolo angeelewa upesi zaidi mfano wa bei ya maziwa ya ngamia yanayopakiwa alfajiri kwenda Nairobi. Hapa ndipo leseni inapofanya kazi ambayo kitabu cha kununua hakiwezi: mhadhiri ana ruhusa ya kutoa mfano wa dola akaweka wa maziwa, akagawa toleo hilo kwa wanafunzi wake. Ruhusa anayo, ila wachache sana wanaoitumia.

Wapo wanaosema kitu cha bure hakina ubora. Hilo liamuliwe kwa kukisoma chenyewe, maana vibovu vipo kwenye vya bure na kwenye vya kununua. Wapo pia wanaosema siku hizi mwanafunzi anauliza programu za akili unde, vitabu vya nini? Jibu la programu mara nyingi halina ukurasa wa kuaminika wa kurejelea, na likikosea hakuna wa kumshika. Muuguzi hawezi kujifunza kipimo cha dawa hivyo.

Tunaweza kufanya nini

La kwanza ni la wahadhiri, na halihitaji bajeti. Kila anayefundisha somo la mwaka wa kwanza au wa pili aweke angalau kitabu kimoja huria kwenye orodha yake, aandike sura gani inalingana na wiki gani. Mistari mitano tu kwenye karatasi ya somo.

La pili ni letu sisi jamii. Si lazima intaneti imfikie kila mtu ndipo vitabu vimfikie. MIT kwa miaka mingi imekuwa ikitoa nakala za masomo yake kwenye diski kwa vyuo vyenye intaneti duni, vingi vikiwa vya Afrika. Programu ya Kiwix, ambayo nayo ni ya bure, humwezesha mtu kubeba Wikipedia nzima na kuisoma bila mtandao. Kwa nini isiwepo diski moja kwenye maktaba ya Isiolo, nyingine kwenye ofisi ya msikiti, nyingine kwenye shule ya sekondari ya Merti? Kijana mmoja mwenye intaneti nzuri anaijaza mara moja kwa mwaka, na anayekuja na flashi ananakili anachotaka. Garissa mwaka 1996 vitabu vilipandishwa juu ya ngamia kufikishiwa wafugaji. Leo maktaba nzima inaingia mfukoni.

La tatu ni la kamati za basari na wafadhili wetu. Tunachangisha karo, na ni vyema. Lakini mtoto akilipiwa karo akakosa cha kusoma, tumelipia kiti. Pamoja na hundi, apewe karatasi moja yenye majina ya vitabu huria vya kozi yake na jinsi ya kuvipata. Kuitayarisha ni kazi ya jioni mbili kwa mwalimu anayejua somo.

La nne ni la wanafunzi wenyewe. Ukipokea faili kwenye kundi, fungua kurasa za mwanzo uangalie herufi zile. Ukikuta BY au BY-SA, lirushe kwa amani, lichape, litafsiri. Anza na sura moja. Tafsiri ya sura ya afya ya mama na mtoto kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kiborana, inaweza kumsaidia mhudumu wa afya wa kijijini ambaye hatawahi kukanyaga chuo kikuu. Na wewe utakuwa umeongeza badala ya kuchukua tu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo matatu ambayo thawabu zake hazikatiki mtu akifa. Wapo wasomi, Waislamu na wasio Waislamu, wa mbali na wa karibu, waliokaa miaka wakaandika wakatoa. Kazi iliyobaki, ya kukifikisha kitabu kwa yule binti mwenye flashi kabla hajalipia kurasa 12 zisizosomeka, haihitaji profesa. Inahitaji mtu anayejua amwambie asiyejua. Ewe msomaji, kama una ndugu, mtoto au jirani aliye chuoni, leo umeshajua. Mwambie.